Fizi Zikitoka Damu, Usiuweke Mswaki Chini

Leo nazungumza hasa na nyinyi mnaofanya kazi ya kea hapa Uingereza, na wewe unayemuuguza mzazi wako mwenyewe nyumbani.

Unamswakisha mzee, mara unaona damu kwenye povu. Wengi hapo huogopa: nimemuumiza! Kesho yake anapewa maji tu asukutue. Jamani, hapo ndipo tunapoharibu. Damu ile mara nyingi inatoka kwa sababu ya ukoga, utando laini unaonata pale jino linapokutana na ufizi. Ukiachwa hugeuka ugaga mgumu, na ugaga hautoki kwa mswaki. Ni kazi ya kliniki ya meno. Ufizi uliovimba tu bado unapona. Ugonjwa ukishakula mfupa unaoshikilia jino, mfupa huo haurudi wenyewe.

Mvutaji sigara, ajabu yake, anaweza asitoke damu sana ilhali fizi zimeharibika. Mwenye kisukari mwangalie zaidi, na pia anayemeza fenitoini ya kifafa, maana dawa hiyo huweza kunenepesha fizi.

Asiyeweza kusema atakuonyesha: anageuza uso, anashika shavu, anakataa nyama aliyokuwa akiipenda. Usiandike "amekataa mswaki" ukaenda zako.

Mkalishe wima, usimame ubavuni pake. Inua mdomo wa juu kwa kidole, utazame kwanza. Chukua mswaki mdogo, laini, uuinamishe kuelekea ufizi, uzungushe taratibu. Mara mbili kwa siku, moja iwe kabla ya kulala. Dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere inatosha, ateme, asisukutue. Kwa anayepaliwa, tumia isiyotoa povu, upake kidogo mno. Meno bandia yatolewe usiku, na fizi zilizokuwa chini yake zisafishwe.

Mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya afya, unataka kila anayehamia nyumba ya wazee akaguliwe kinywa, na mahitaji yake yaandikwe kwenye mpango wake wa huduma. Wewe ndiye unayemshikia mswaki kila siku, kwa hiyo uliza uyaone.

Damu isipokoma, jino likilegea au usaha ukitokeza, apelekwe kwa daktari wa meno. Uso ukivimba akashindwa kumeza au kupumua, usisubiri miadi: piga 999.