Pumzi Kwanza, Kicheko Baadaye

Hotuba ya kikundi cha mazoezi ya asubuhi, iliyosomwa uani mwa hekalu siku ya maadhimisho



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya jambo ambalo wengi wenu mlilisikia kwa masikio kabla ya kulielewa. Kila Jumamosi na Jumapili, saa 12 na nusu asubuhi, baada ya aarti ya alfajiri, sauti za watu wanaocheka hutoka katika ua huu na kuvuka ukuta. Wapo waliodhani ni harusi. Wapo waliodhani ni ugomvi. Na yupo jirani mmoja aliyetuambia bila kuficha kwamba alidhani tumerukwa na akili. Leo tunataka kueleza tunachokifanya, faida tuliyoiona, na kosa tulilolitenda, kwa kuwa kosa hilo ndilo lililotufundisha kuliko yote.

Zoezi hili huitwa Hasya Yoga, yaani yoga ya kicheko. Lilianza katika jiji la Mumbai tarehe 13 Machi 1995, wakati daktari mmoja, Madan Kataria, alipokwenda asubuhi katika bustani ya mtaani kwake na kuwaomba watu wasimame pamoja naye wacheke. Siku hiyo walikuwa watu watano tu. Mwanzoni walisimuliana vichekesho. Baada ya majuma machache vichekesho vizuri vikawaishia, vikabaki vile vya kuwadhihaki wengine na vile visivyofaa kusemwa mbele ya wazee, na baadhi ya wanachama wakalalamika. Ndipo daktari huyo alipobadili njia: akaviondoa vichekesho kabisa, akasema watu wacheke kama zoezi, kama vile mtu anavyonyoosha mkono bila kuwa na kitu cha kuchukua. Mkewe, Madhuri, aliyekuwa mtu wa yoga, alishirikiana naye kuunganisha kicheko hicho na pumzi ndefu za pranayama. Leo vikundi vya namna hiyo vimo katika nchi nyingi, na Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Mei huadhimishwa kama Siku ya Kicheko Duniani.

Baadhi ya wazee wetu walituuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: je, ni adabu kupiga vicheko mbele ya nyumba ya Mungu? Tulirudi katika mapokeo yetu kutafuta jibu. Kitabu cha kale cha sanaa ya maonyesho, Natyashastra, kinakitaja kicheko, hasya, miongoni mwa hisia kuu nane za jukwaani, na rangi yake ni nyeupe. Kitabu hicho hicho kinapanga kicheko katika daraja sita, kuanzia smita, tabasamu lisiloonyesha meno, hadi atihasita, kicheko cha kupindukia ambacho mtu hutokwa na machozi na kujishika mbavu. Daraja mbili za kwanza ni za waungwana, mbili za kati ni za watu wa kawaida, na mbili za mwisho hazina heshima. Wazee waliposikia hayo waliridhika kwamba kicheko si kigeni kwetu. Nasi tulikiri kwamba mazoezi yetu huanza na daraja ya kwanza na mara nyingine hufika ya sita. Tukakubaliana kufanyia mazoezi yetu uani, upande wa mwembe, mbali na mlango wa ibada.

Sasa tueleze zoezi lenyewe. Mengi ya siri yake yamo katika pumzi. Mtu anapovuta hewa, kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, hushuka, na mapafu hupata nafasi ya kujaa. Anapotoa hewa, hupanda. Wengi wetu, hasa tunaokaa dukani au ofisini kutwa nzima, hupumua kwa kifua cha juu tu, pumzi fupi fupi. Kicheko cha dhati ni mfululizo wa pumzi za kutoka, moja juu ya nyingine, ambazo husukumwa na tumbo. Hewa nyingi hutoka, na baada yake mwili wenyewe hudai pumzi ndefu ya kuingia. Kwa hiyo kicheko na pranayama si wageni wawili waliokutanishwa kwa nguvu. Ni ndugu wa tumbo moja.

Huanza hivi. Tunasimama duara, miguu imeachana kidogo. Tunavuta hewa puani polepole huku mikono ikipanda juu, tunatulia kidogo, kisha tunaitoa taratibu, ndefu kuliko ilivyoingia, huku mikono ikishuka. Mara tano. Halafu tunapiga makofi ya viganja vilivyofunguka, vidole juu ya vidole, tukisema kwa mwendo mmoja: ho-ho, ha-ha-ha. Sauti hiyo hutoka tumboni, haitoki kooni. Mwenye kuukwaruza koo lake amekosea. Baada ya hapo huja vicheko vyenyewe. Kipo kicheko cha salamu, ambacho kila mtu humwendea mwenzake mikono ikiwa imekutanishwa kifuani, akamtazama machoni na kucheka badala ya kusema Namaste. Kipo kicheko cha lasi: unashika vikombe viwili visivyokuwapo, unamimina huku na kule, kisha unakunywa na kucheka. Kipo kicheko cha simba, kinachotokana na simhasana, ulimi nje, macho yametoka, vidole kama makucha; hiki watoto hukipenda kuliko vyote. Na baina ya kicheko kimoja na kingine tunarudi kwenye pumzi ndefu mbili au tatu. Asiyerudi kwenye pumzi huchoka na kuona kizunguzungu.

Yote huchukua kama dakika 20. Tunamaliza kwa kukaa kimya, macho tumeyafumba, kila mmoja akimshukuru Mungu wake kwa namna anavyomjua. Tulipatana hivyo kwa sababu miongoni mwetu wamo Waislamu na Wakristo, na hatukutaka jirani yetu yeyote alipe pumzi yake kwa imani yake.

Je, kuna faida? Tuseme tunayoyajua. Mwaka 2012, Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichapisha utafiti uliopima uvumilivu wa maumivu. Watu waliokuwa wametoka kucheka pamoja waliweza kustahimili maumivu zaidi kuliko kabla, na watafiti hao walieleza kwamba huenda jambo hilo linatokana na kemikali za utulivu ambazo ubongo hutoa wakati misuli inapofanya kazi ya kucheka. Mtafiti mwingine, Robert Provine wa Marekani, aliyachunguza maisha ya kila siku ya watu akaona kwamba mtu hucheka takriban mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake, na kwamba mara nyingi kinachomchekesha si kichekesho chochote. Ni ule uwepo wa mwenzake. Hilo tumelishuhudia wenyewe. Wengi wetu huanza kwa kujilazimisha, lakini macho yanapokutana na macho, kicheko cha kuigiza hugeuka cha kweli kabla hatujajua.

Lakini tusikipe kicheko sifa isiyo yake. Si dawa ya sukari, wala ya shinikizo la damu, wala ya saratani, na hakuna mwenzetu aliyeambiwa aache vidonge vyake. Mwenye ngiri, aliyepasuliwa karibuni, mjamzito, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo lisilotulia, na mwenye kikohozi kisichoisha, wote hao wamwone daktari kwanza. Wakiruhusiwa, hufanya pumzi za polepole tu, bila kuzuia hewa.

Tena, ng'ambo ya ziwa letu hili tuna ushuhuda kwamba kicheko peke yake si furaha. Tarehe 30 Januari 1962, majuma machache baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana wa shule ya bweni ya Kashasha, upande wa Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Walicheka na kulia, wengine kwa saa nyingi. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa na hali hiyo, shule ikafungwa mwezi Machi, na hali ikaenea hata vijijini. Madaktari hawakupata sumu wala maradhi ya mwili. Wengi waliolichunguza baadaye wameona ndani yake msongo wa mawazo wa watoto waliolemewa. Wapo bado watu wanaolisimulia jambo hilo kama mzaha. Sisi tunalisimulia kama onyo: anayecheka huenda anaumwa, na anayeumwa hahitaji kuchekwa.

Hapo ndipo tulipokosea sisi.

Asubuhi moja ya Jumapili tulikusanyika kama kawaida, tukapiga makofi yetu, tukafika kicheko cha simba, sauti zikapaa. Hatukujua kwamba usiku ule msiba ulikuwa umeingia nyumba ya pili kutoka hapa, ng'ambo ya ukuta huu. Baba wa nyumba ile alikuwa amefariki. Jamaa walikuwa wamekaa barazani, na juu ya kilio chao ndipo kilipoangukia kicheko chetu. Kijana mmoja alikuja langoni. Hakutukana. Alisema tu, "Shikamooni wazee. Kwetu kuna msiba," akaondoka.

Tulisimama bila kujua la kufanya na mikono yetu. Mama mzee kuliko sote, tunayemwita Ba, ndiye aliyetutangulia. Alijifunika vizuri ukaya wa sari yake nyeupe, akatoka nje ya lango, nasi tukamfuata. Hatukuwa na maneno. Ba alimshika mjane mikono yote miwili akasema, "Mama, tumekukosea. Tusamehe." Mjane akamjibu, "Hamkujua, dada yangu. Kaeni." Tukakaa chini pamoja nao mpaka mchana.

Tulifunga mazoezi yetu kwa siku 40. Wengine walipendekeza tuyafunge kabisa. Tulizungumza sana, na mwisho tukapatana mambo mawili. La kwanza, kabla ya kuanza, mmoja wetu hupita mtaani kuuliza kama kila nyumba imeamka salama. Penye msiba au mgonjwa, asubuhi hiyo tunavuta pumzi tu, kimya. La pili, neno "kumcheka mtu" halina nafasi hapa. Tunacheka na mtu. Hatumcheki mtu, si kwa mwili wake, si kwa lafudhi yake, si kwa umaskini wake. Wahenga walisema hujafa hujaumbika.

Jumamosi tuliyofungua tena, mjane yule alikuja langoni. Alisema, "Mimi sitacheka. Usiku sipati usingizi, kifua kinanibana. Nimeona mnavuta pumzi; hiyo nitaiweza." Tukampa nafasi karibu na Ba. Kwa miezi mitatu alikuja, akapandisha mikono, akashusha mikono, na tulipofika kwenye vicheko alikaa chini ya mwembe akitungoja. Hakuna aliyemhimiza. Kisha asubuhi moja, katikati ya simba, ndara ya mzee mmoja ilichomoka ikaruka hadi juu ya ukuta, na sauti ambayo hatujawahi kuisikia ikatoka chini ya mwembe. Alicheka mpaka akalia, akalia kwa muda mrefu. Ba alikaa naye. Sisi wengine tulirudi kwenye kile tulichokijua, tukavuta pumzi ndefu na kuitoa polepole, mpaka naye akaanza kupumua pamoja nasi. Ametupa idhini kuyasema haya, na yumo miongoni mwenu leo.

Ndugu zetu, Patanjali aliiweka pranayama kuwa kiungo cha nne katika viungo vinane vya yoga, lakini santosha, kuridhika, aliiweka kabla yake, katika kiungo cha pili. Zamani tulidhani kuridhika ni kutokuwa na huzuni. Sasa tunaamini ni kuweza kupumua hata huzuni ikiwapo, na kuwa na mtu wa kupumua naye. Kicheko kikija, tunakipokea kama mgeni. Kisipokuja, pumzi haijapotea.

Tunaishukuru kamati kwa kutupa ua huu, na wazee kwa kutuuliza maswali magumu. Zaidi ya wote tunawashukuru majirani, waliotusamehe. Kikundi hakina kiingilio wala ada. Njooni na nguo nyepesi, na tumbo lisiloshiba sana. Asiyeweza kusimama tutampa kiti.

Na sasa, kwa ruhusa ya Mheshimiwa Mwenyekiti, tunawaomba nyote mkae wima, miguu chini. Tumeshapita kuuliza asubuhi hii: mtaa umeamka salama. Basi vuteni hewa polepole kwa pua. Tulieni. Itoeni. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mgeukieni jirani yenu, mtazameni machoni, na mengine yatakuja yenyewe.