Namba na Mgonjwa: Tiba Mahususi katika Kliniki ya Kisukari



Tiba mahususi, yaani tiba inayolenga mgonjwa mmoja mmoja, ikitajwa, wengi huwaza mashine za kusoma vinasaba na gharama zisizoshikika. Jioni hii ninatetea hoja nyingine: katika kisukari, tiba hiyo huanzia chumba cha daktari, pale anaposhika karatasi ya majibu na kujiuliza kama namba anayoisoma inasema kweli juu ya mgonjwa huyu.

Tuanze na kipimo tunachokiamini mno, HbA1c. Sukari hujishikiza kwenye himoglobini, na kwa kuwa chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kiasi kilichoshikamana hutuonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikubali 6.5% kuwa kiwango cha kutambulia kisukari. Hesabu hiyo huchukulia kwamba damu ya watu wote ina tabia moja.

Lakini damu zetu Waafrika zimeishi na malaria vizazi kwa vizazi, nayo malaria imeziachia alama katika vinasaba. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2017, zikiwahusisha Wamarekani Weusi, wenye asili ya Afrika, zilionyesha alama hizo zinavyopotosha kipimo. Waliobeba kinasaba cha selimundu bila kuugua walisomeka chini kwa takriban 0.3 kuliko wasio nacho, ingawa sukari yao ililingana. Wanaume wenye badiliko la Kiafrika la kinasaba cha G6PD walisomeka chini kwa takriban 0.8.

Chukulieni dereva wa daladala mwenye miaka 52. Kiu haimwishi, na usiku huamka mara nne kukojoa. HbA1c yake ni 6.1%, chini ya kiwango, hivyo anaweza kurudishwa nyumbani. Lakini asubuhi kabla ya chai, kipimo cha kidole kinasoma 8.4 mmol/L, juu ya kiwango cha kisukari. Tiba mahususi inatutaka tupime sukari ya mshipa akiwa hajala, tuulizie selimundu katika ukoo wake, tuangalie wingi wa damu, kisha tumfuatilie kwa sukari yenyewe. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji maabara ya vinasaba.

Kama namba inavyoweza kupotosha, vivyo hivyo jina la ugonjwa. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 894 wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini, walioanza kuugua wangali vijana na kuambiwa wana kisukari cha aina ya kwanza. Asilimia 65 hawakuwa na kingamwili zinazolenga kongosho, ambazo ndizo dalili ya kawaida ya aina hiyo. Asitoke mtu hapa akaacha insulini yake, kwani kukosa kingamwili si kutohitaji insulini. Ila tumepata sababu ya kuchunguza upya kilichoharibu kongosho zao.

Na jina sahihi linaweza kubadili maisha. Mwaka 2006 ilichapishwa habari ya wagonjwa 49 wenye kisukari kinachoanza uchangani na kutokana na hitilafu ya kinasaba kimoja, KCNJ11. Kati yao, 44 waliacha sindano za insulini wakatumia vidonge vya jamii ya sulfonilurea, dawa za zamani na za bei nafuu. Kwa hiyo mtoto anayepata kisukari kabla ya kutimiza miezi sita anastahili kupimwa vinasaba. Hapo ndipo gharama ya mashine inapojilipa.

Ninaiomba Wizara ya Afya igharimie tafiti za kupima HbA1c dhidi ya sukari halisi miongoni mwa watu wetu, ili miongozo yetu isimame juu ya damu yetu. Na chuo hiki kiwafundishe wanafunzi kutilia shaka karatasi inayopingana na mwili wa mgonjwa. Atakayehitimu na mazoea hayo ataanza kutoa tiba mahususi siku yake ya kwanza kliniki, hata katika zahanati ya mwisho wa barabara.