Tuangalie Kabla ya Kushuhudia

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Leo twapenda kuzungumza juu ya ushahidi, na mfano wetu tumeutoa mbinguni. Mwaka 964 mwanachuoni Abdulrahman as-Sufi, mtazama nyota wa Isfahan, alitaja kitabuni mwake kiwingu kidogo katika kundi la Andromeda. Leo yajulikana kuwa kiwingu kile ni galaksi, yaani jamii kubwa mno ya nyota.

Ziko galaksi nyingine mbili, karibu na mkia wa Dubu Mkubwa, zinazogongana na kuvutana: kubwa yaitwa M51, na ndogo NGC 5195. Mwaka 1845 Lord Rosse, huko Ireland, aliitazama M51 kwa darubini yenye kioo cha sentimita 183, akalichora kwa mkono umbo lake la mzunguko. Siku hizi watu ambao hiyo si kazi yao, bali ni mapenzi yao tu, huzipiga picha galaksi hizo kwa darubini ya sentimita 20 uani kwao, wakapata zaidi ya yaliyomo katika mchoro ule.

Huyapataje? Kwa subira na uaminifu. Nuru hiyo imesafiri zaidi ya miaka milioni 20, nayo imefifia mno. Mpiga picha huiacha kamera wazi kwa dakika kadhaa, hurudia mara nyingi, pengine usiku baada ya usiku, kisha huzijumlisha picha zote. Halafu huufunika mdomo wa darubini na kupiga picha za giza tupu. Hizo humwonyesha kasoro za kamera yake mwenyewe, naye huziondoa, asije akaidhania kasoro yake kuwa ni nyota.

Na hata hapo jicho huweza kukosea. Atazamaye kwa haraka husema galaksi ndogo iko kwenye ncha ya mkono wa ile kubwa. Kumbe iko nyuma yake. Vumbi la mkono huo laonekana limepita mbele ya ile ndogo.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, sisi nasi hushuhudia kila siku. Mke wa mtu ameonekana njiani akizungumza na mwanamume. Magharibi haijaingia, habari imekwisha kuwa hukumu, na nyumba imevunjika. Kumbe yule ni ndugu yake. Sura ya Hujurat imetufundisha kuzihakikisha habari, na imetukataza dhana mbaya na kusengenya. Basi tujiulize: tumeona mara ngapi? Aliye karibu naye machoni petu, je, yu karibu naye kweli? Na sisi wenyewe, hatuna chuki wala wivu juu yake? Hayo ndiyo madoa ya kamera yetu. Asiyeyajua huyaona katika uso wa mwenziwe.

Nanyi wanafunzi, kumbukeni kuwa elimu ni amana: semeni mlichokiona, wala msiongeze.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe aibu zetu kabla ya za wenzetu, na azihifadhi ndimi zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.