Kinachoyalinda Mahindi Saa Nane Mchana

Mada iliyosomwa mbele ya wakulima wa nyanda za chini, Kaunti ya Makueni



Mkulima wa Kibwezi au Makindu akipita shambani saa nane mchana, jua likiwa kali, huona majani ya mahindi yamejikunja. Jioni yananyooka tena. Wengi husema ni kiu, na hawakosei. Lakini ndani ya jani kuna kazi nyingine isiyoonekana kwa macho.

Kila seli ya mmea ina vyumba vidogo viitwavyo mitokondria. Humo ndimo sukari iliyotengenezwa na jani humaliziwa kugeuzwa kuwa nguvu ya kukua, kutoa maua na kujaza punje. Kazi hiyo hufanywa na protini, na kila protini imekunjwa kwa umbo lake maalumu. Joto likizidi, umbo hulegea na protini zikaanza kushikamana. Ute wa yai ukishaganda kwenye sufuria haurudi kuwa maji. Hatari inayoukabili mmea ni ya namna hiyo.

Hapo ndipo zinapoingia protini ndogo za mshtuko wa joto. Katika jani lililo kwenye ubaridi wa kawaida ni vigumu hata kuziona. Joto linapopanda, seli huziunda haraka na kuzipeleka ndani ya mitokondria. Hazitengenezi kilichoharibika. Huzishika tu protini zilizolegea zisigandamane, wala hazitumii nguvu ya seli kufanya hivyo. Protini nyingine kubwa, zinazohitaji nguvu, huja kuzikunja upya.

Elimu hii ilianzia kwa inzi. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa wa Italia aliona chembeuzi za inzi wa matunda zikivimba mahali fulani baada ya kupashwa joto. Mwaka 1994 watafiti wa Ufaransa walieleza protini ndogo ya aina hii ndani ya mitokondria za njegere, wakaiita HSP22. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kuwa tumbaku iliyopewa jeni ya nyanya ya kuunda protini hii kwa wingi ilistahimili joto kuliko ile iliyopunguziwa.

Sasa, mbona mahindi bado hutoa magunzi yenye mapengo? Jibu kubwa liko kwenye chavua. Jani hujikinga vizuri, lakini chavua ya mahindi iliyokomaa haiwezi kuunda kinga hiyo inavyostahili. Siku chache za joto kali wakati wa kutoa maua zinatosha kupunguza punje, hata kama shamba linaonekana kijani. Uchambuzi wa majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2011, uligundua kuwa kila siku moja inayopita nyuzi joto 30 kwa nyuzi moja hupunguza mavuno kwa asilimia 1 penye mvua ya kutosha, na asilimia 1.7 penye ukame. Kwa familia inayotegemea msimu mmoja wa mvua, hayo si mambo ya maabara.

Kwa hiyo tarehe ya kupanda ina uzito. Anayechelewa wiki mbili baada ya mvua kuanza anaweza kuisukuma chavua yake hadi kwenye siku kavu na za moto. Mbegu inayokomaa mapema, kama Katumani, husaidia kuukwepa wakati huo. Matandazo ya mabua hupunguza joto la udongo na kuhifadhi unyevu, na jani lenye maji hujipoza lenyewe.

Huulizwa pia kama kuna dawa ya kunyunyizia ya kuongeza protini hizi. Anayeuza chupa kwa madai hayo aombwe kwanza aonyeshe shamba la majaribio, si karatasi ya matangazo.

Kwa wenye vitalu vya nyanya, lipo jambo rahisi zaidi. Mche uliopata joto la wastani kwanza huwa tayari umeunda kinga yake, nayo hudumu kwa siku kadhaa. Kivuli cha kitalu kiondolewe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hivi kabla ya kuhamisha miche, na kazi ya kuhamisha ifanywe jioni.