Msaada wa Mtoto Upitie Kijijini



Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na ile ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikafutwa kuanzia Januari 2016. Hatua hizo ni kubwa, na hakuna mwenye akili timamu atakayezibeza. Hata hivyo, ada haikuwa gharama pekee. Sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana viliendelea kuwa mzigo wa mzazi. Mtoto asiye na mzazi, au anayelelewa na bibi mkongwe, hukaa darasani na njaa yake mpaka siku atakapoacha kuja. Pengo hilo ndilo ambalo wafadhili hujaribu kuliziba.

Mabogini ni mahali pafaapo kulitazama jambo hili. Kata hiyo iko kwenye tambarare kusini mwa mji wa Moshi, jirani na mashamba ya miwa ya TPC. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa fedha za Japani, uliifanya kuwa nchi ya mpunga. Lakini maji ya mito ya Njoro na Rau hayakutosheleza mashamba yote yaliyokusudiwa, kwa kuwa wakulima walio juu ya mifereji nao walianza kulima mpunga. Basi si kila kaya ina jaruba, na si kila jaruba lina maji. Wasio na jaruba huishi kwa kibarua. Na mpunga unapotoa masuke, kwelea kwelea hushuka kwa makundi. Kuwafukuza ni kazi ya kutwa, na mara nyingi huwaangukia watoto. Mwalimu aitaye majina darasani msimu huo anajua maana yake.

Moshi ni lango la Mlima Kilimanjaro. Wageni waupandao mlima hushuka na moyo mkunjufu, na baadhi yao hutaka kumsaidia mtoto wa huko bondeni. Nia hiyo njema isidharauliwe. Taabu huanza pale mgeni anapomchagua mtoto kwa sura yake katika picha. Mwenye tabasamu hupata mfadhili. Mwenzake mwenye haya, au mlemavu aliyefichwa nyumbani, hukosa. Tena uzoefu wa nchi nyingi umeonyesha kwamba makao ya yatima hujazwa watoto wenye ndugu walio hai, kwa sababu tu mtoto wa makaoni huvuta fedha kuliko mtoto aliye kwa bibi yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilimpa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na ikataka makao ya watoto yawe na leseni. Ofisa wa Ustawi wa Jamii ana sheria mkononi. Hahitaji kumwonea haya mgeni mwenye fedha.

Wafadhili wengi husema pia kwamba wanataka kufundisha stadi za maisha. Neno hilo ni zuri, ila si geni. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967 kwa shabaha hiyo hiyo, na katika shule nyingi shamba la shule liligeuka kuwa jasho tupu lisilo na somo. Watoto walilima, hawakufundishwa kwa nini zao lilifaulu au lilikufa. Hatari hiyo ingalipo. Vyerehani vikiletwa pasipo fundi wa kufundisha wala kitambaa cha kujifunzia, vitafunikwa turubai stoo. Mtoto wa Mabogini anastahili kujua kupima zamu ya maji, kuandika hesabu ya mbolea na magunia, na kusoma mkataba wa kukodi shamba kabla ya kutia dole gumba. Msichana anastahili kuujua mwili wake na haki zake, ikiwamo ile iliyowekwa na waraka wa Novemba 2021, kwamba aliyejifungua aweza kurejea shuleni.

Kisha liko suala la fedha zenyewe. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilionya juu ya kutegemea zawadi na mikopo ya nje. Wapo waliodhani onyo hilo limepitwa na wakati, hata mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada la USAID, na kazi nyingi katika Afrika zikasimama kwa ghafla. Mfadhili mdogo naye huugua, huchoka au hufa. Huko milimani, ambako KNCU iliundwa mwaka 1933, kahawa ya wakulima ilichangia kusomesha vizazi. Tambarare haina kahawa, lakini ina mpunga. Debe moja la kila jaruba kwa msimu, likiandikwa katika daftari la kijiji na kusomwa mbele ya mkutano, laweza kuwa msingi wa chakula cha shule, na fedha za mfadhili zikawa nyongeza juu yake.

Majina ya watoto wa kusaidiwa yatoke kwa mwalimu mkuu na serikali ya kijiji, wala si katika picha. Na sehemu ya fedha hizo itumike kumlipa mtu mzima afukuze ndege kwenye jaruba la mjane wakati masuke yanapokomaa, ili mtoto wake awepo majina yanapoitwa.