Paa, Mtaro na Gari Kabla ya Mvua

(Maneno haya yalisemwa na fundi wa mkono wa hapa Mutuini mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Mvua ndefu hapa kwetu ni Machi mpaka Mei, na ile fupi ni Oktoba mpaka Desemba. Kwa hivyo kazi ya kutengeneza ni ya Februari na Septemba, mabati yakiwa makavu. Lakini nyinyi mnanitafuta Aprili, usiku, ndoo iko katikati ya kitanda! Wakati huo fundi hapandi juu ya bati lenye maji, na akipanda atawatoza bei ya hatari.

Neno langu kubwa ni hili: paa likivuja, usikubali haraka kuambiwa ununue mabati mapya. Mara nyingi bati ni zima, msumari ndio mbaya. Jua la mchana linapanua bati, baridi ya usiku inalirudisha, na baridi ya Mutuini mnaijua. Msumari unasukumwa kidogo kidogo mpaka kofia inainuka, raba inapasuka, maji yanapata mlango. Nimeona mama mjane amepigiwa hesabu ya paa zima kwa sababu ya misumari 14.

Jipimie mwenyewe. Saa sita mchana ingia ndani, funga mlango na madirisha, tazama juu. Ukiona nuru kama nyota, weka alama ya chaki kwenye mbao iliyo karibu. Usifuate tu pale maji yanapodondokea, kwa sababu maji hutembea kwenye mbao kabla ya kuanguka. Msumari ulioinuka usiugonge urudi katika tundu lile lile. Tundu limeshapanuka, utatoka tena. Ung'oe, weka mwingine mnene na mrefu zaidi, wenye raba mpya. Ukikosa raba, kipande cha tyubu ya baiskeli kitasaidia kwa muda. Msumari ukae juu ya mgongo wa bati, si katika bonde maji yanapopita. Na ukipanda, kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana hapo ndipo penye mbao chini.

Vikundi vingi hapa vina viti na sufuria za kukodisha. Vizuri. Nunueni na ngazi moja imara. Mtu anayepanda juu ya meza na kiti akianguka, gharama ya hospitali inapita bei ya ngazi mara nyingi.

Sasa gata. Paa la mita 6 kwa 5 ni mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 20 inaleta hapo lita 600. Kama gata limejaa majani, maji hayo hayafiki kwenye tangi; yanamwagika kando ya ukuta na kuchimba msingi. Safisha, kisha mwaga kopo la maji uone kama yanakimbilia upande wa tangi. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, usiikinge.

Maji yakitoka kwako yanaenda wapi? Kuna watu wanachimba mtaro mzuri sana unaoishia jikoni kwa jirani. Tarehe 29 Aprili 2024 huko Mai Mahiu, kalivati chini ya reli iliziba, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, yakabomoa usiku na kuua watu zaidi ya 40. Kalivati zetu ni ndogo, lakini nendeni mkazitazame: chupa za plastiki, mabua ya mahindi, matope. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja kwa kikundi chenye majembe. Hapo hapo inueni udongo kuzunguka choo cha shimo, maji yasiingie yakabomoa kuta zake.

Wenye pikapu ya kikundi, tairi lenye kipara kwenye udongo wetu mwekundu ni kama kukanyaga sabuni. Badilisha kabla ya Machi. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, kwa hivyo hubadilishwa, si kuongezwa tu. Dereva asiweke maji wala mafuta ya injini humo. Mafuta ya injini yanafurisha raba za ndani na breki zinakataa. Ukivuka maji mengi, kanyaga breki polepole mara chache mpaka zikauke, ndipo uongeze mwendo. Wipa zikiacha mistari kwenye kioo, futa raba zake kwa maji ya sabuni kwanza, huenda ni uchafu tu. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri unaoshwa kwa maji ya magadi, yale yale ya kupikia. Toa waya wa hasi kwanza, na maji hayo yasiingie ndani ya betri.

Mwisho ni baridi ya Julai. Watu wanaziba kila tundu kwa matambara, halafu wanaingiza jiko la makaa chumbani. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke. Yale matundu ya hewa juu ya dirisha msiyazibe, hata fundi akiwaambia. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamezimika.

Haya, mwenye swali aulize.