Intaneti ya Nyumbani Ikikusumbua

Umelipia intaneti ya mwezi mzima, lakini ikifika saa mbili usiku video inakwama. Kabla hujahama kampuni, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, upime kasi asubuhi na usiku, uandike matokeo. Kasi kwa waya ikiwa nzuri hata usiku, huenda tatizo ni waifai ya ndani: kuta nene, au ruta iliyofichwa nyuma ya kabati. Kampuni mpya haitaondoa hilo.

Kasi ya waya ikishuka usiku tu, huenda mtaa mzima unagawana njia iliyojaa. Lalamika kwa kampuni, udai namba ya lalamiko. Wakikupuuza, peleka ushahidi wako kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA); ni haki yako kabisa. Ukiamua kuhama, waulize kwanza majirani wanaotumia kampuni hiyo mpya.